Msiwapokee Nguruwe Wangu

Kwanza jueni kwamba Minza hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Kama ulitaka mama wa kukuitikia "ndiyo mwaya, kweli mwaya" mpaka mnaagana, ungepita nyumba yake ukaendelea na safari zako. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mbali, na macho yake yalikuwa mekundu. Hayo macho ndiyo yaliyomtesa pale Mwasanga, kwa hiyo bora tuyaseme mapema.

Yalikuwa mekundu kwa moshi. Yeye na marehemu mumewe, Anton, walikausha tumbaku misimu mingi, wakikesha kwenye bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia majani, wakichochea magogo. Moshi wa bani hauna adabu: unaingia machoni na hausikii hodi wala kwaheri. Kila aliyewahi kukausha tumbaku anajua. Lakini huku kwetu mama mtu mzima mwenye macho mekundu haulizwi alifanya kazi gani ujanani. Anatazamwa, kisha watu wanatazamana, na hapo maneno yameshaanza. Wapo wazee wa kike waliopoteza uhai kwa kosa hilo hilo la kuwa na macho, na Minza alikuwa akilijua hilo kila alipofungua mlango asubuhi.

Mwasanga ni kijiji cha kando ya barabara itokayo Nzega kwenda Tabora, karibu na ile njia ya zamani ya misafara. Watu wake wana jambo moja wanalojisifia: kupokea wageni. Wanasema tangu enzi za wapagazi, walipokuwa wakipita na pembe za ndovu mabegani, hakuna aliyelala njaa Mwasanga. Mgeni akifika anawekewa ugali mlima mzima, na asipoumaliza mwenye nyumba ananuna kama katukanwa. Na akija bibi harusi? Jamani! Anakalishwa kwenye kigoda kipya, analetewa kuku, karanga, maziwa ya mgando, analishwa mpaka aombe poo.

Isipokuwa Minza. Yeye aliolewa kutoka Igunga, na ubaya ni kwamba Anton alikuwa akisubiriwa na dada mkubwa wa Julieth, binti wa hapo hapo kijijini. Watu walishaanza kuhesabu hiyo harusi, Anton akaenda zake mnadani Igunga akarudi na mchumba mrefu asiyejulikana. Kijiji kikavimba. Siku bibi harusi alipofika hakukuwa na kigoda. Alikaa chini, mlangoni mwa jiko, akapewa ukoko wa ugali kwenye kibakuli chenye ufa, kidogo, tena kwa kusuasua, na aliyetumwa kumpelekea alikuwa Julieth, msichana mwenye midomo iliyobetuliwa. Mambo yalikwenda hivyo msimu mzima. Minza alikula alichopewa, akaosha kibakuli, akaenda shamba. Hakulia mbele yao hata siku moja. Uchungu alikuwa nao, na msidhani uliwahi kuisha.

Miaka ikapita. Anton akafariki, mtoto wao Fikiri akaenda Tabora mjini kuendesha bajaji, na Minza akabaki peke yake na macho yake. Ndipo kikapatikana kikundi cha akina mama, Tuinuane, na mwenyekiti wake akawa nani? Julieth huyo huyo, sasa Mama Emilian, mnene, mwenye heshima zake. Utaratibu wa kikundi ulikuwa rahisi: unakopeshwa nguruwe jike, akizaa na watoto wakiacha kunyonya, unarudisha watoto ili wenzako nao waanze. Minza alikuwa wa kwanza kupewa, kwa sababu alikuwa na banda tayari na wengine waliogopa kuanza.

Yule nguruwe alimlea kwa alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho hakikuwa kingi: pumba kidogo, majani ya viazi, machicha ya pombe pale jirani alipopika. Akazaa vizuri. Watoto walikuwa wembamba kidogo ila wachangamfu, wanakimbizana bandani kutwa nzima. Walipoacha kunyonya, Minza akachagua wale walionona kuliko wenzao akawatoa kwa kikundi. Wale dhaifu akabaki nao mwenyewe. Alifanya hivyo kwa moyo mmoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza pale kijijini alikuwa yeye ndiye mwenye kutoa.

Vigelegele vilipigwa siku hiyo! Julieth alichukua wawili, Shukrani akachukua mmoja. Huyu Shukrani ni mama mdogo, mjane wa ajali ya bodaboda, mwenye mtoto mgongoni. Na wengine wakachukua wao. Kila mmoja akaenda nyumbani kwake akafanya lile ambalo watu wa Mwasanga hufanya: akampokea mgeni. Julieth aliwawekea sinia la unga wa dona, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga na maziwa juu yake. Wanyama waliokuwa wamezoea majani ya viazi wakaona wamefika peponi. Walikula mpaka matumbo yakagusa ardhi, naye Julieth akasimama pembeni mikono kiunoni, akicheka kwa furaha.

Baada ya siku chache Julieth alikwenda bandani asubuhi akamkuta mmoja amelala ubavu, mgumu, amekufa. Jana yake hakuwa na homa, hakukohoa, hakuharisha. Tena alikuwa ndiye mkubwa, ndiye mlaji. Kwa Shukrani ikawa hivyo hivyo, na kwa wengine pia. Halafu yule wa pili wa Julieth akaanza kuyumba kama mlevi, akaanguka, akawa anapiga miguu hewani, akilia kwa sauti iliyokauka. Na kope zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, macho hayafunguki vizuri.

Julieth akamtazama yule mnyama machoni. Akaweka mkono mdomoni.

"Amewapa macho yake," alisema.

Basi! Neno hilo halikuhitaji miguu. Kufika jioni, kila nyumba ilikuwa imeshalisikia. Na lililolitia chumvi ni hili: kwa Minza mwenyewe, wale dhaifu aliobaki nao walikuwa wazima, wanakimbizana kama kawaida. Kwake wazima, kwa wenzake wamekufa. Watu watakosa la kusema hapo?

Minza aliposikia hakulala chini akalia. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Julieth, watu wakimpisha njiani.

"Mama Emilian, nasikia nimekuua nguruwe."

"Mimi sijasema hivyo, Mama Fikiri. Watu ndio wanasema."

"Watu ndio wewe. Mwite afisa mifugo. Wasizike, wasile, wasichome kitu mpaka aje."

Afisa mifugo alikuwa kijana aitwaye Vedasto, mwenye pikipiki na kofia iliyopauka. Alikuja akiwa na wasiwasi, na alikuwa na haki ya kuwa nao, maana kitu cha kwanza alichokiogopa ni homa ya nguruwe, ile inayofagia mabanda ya kijiji kizima. Akawaamuru watu wakae mbali, akavaa glavu, akakataza mtu yeyote asithubutu kuonja nyama. Kisha akauliza maswali. Wakubwa wamekufa? Hapana. Nguruwe mama kwa Minza anaumwa? Hapana, mzima, anakula. Waliokufa walikuwaje? Walionona. Waliachishwa lini kunyonya, na mmewalisha nini?

"Tumewapokea," alisema Julieth, kifua mbele. Akataja sinia zima, dagaa na maziwa na yote.

Vedasto akatoa kisu. Akampasua yule wa pili, ambaye naye alikuwa ameshakata roho. Ukuta wa tumbo ulikuwa umevimba, na alipoukata ndani yake mlikuwa na maji mazito yenye kuteleza kama mlenda.

"Jamani mama zangu," alisema, "kuna bakteria wanaokaa ndani ya utumbo wa nguruwe siku zote. Wakiwa wachache hawana neno. Lakini mtoto anapoachishwa kunyonya ni mnyonge, na akipewa ghafla chakula kingi kizito, wale bakteria wanazaliana haraka na kutoa sumu. Sumu inaingia kwenye damu, kope zinavimba, ubongo unavimba, anayumba, anakufa. Na anayekufa ni yule mlaji, kwa sababu ndiye aliyekula zaidi. Mimi nahisi ni hao. Ila sitaapa mpaka maabara ya Tabora iangalie."

Akakata vipande vya utumbo, akaviweka kwenye chombo, chombo kwenye kiboksi chenye barafu. Yeye alikuwa ameitwa kijiji kingine kwenye chanjo ya ng'ombe, akauliza nani anaweza kukifikisha Tabora siku ile ile. Watu wakatazama viatu vyao.

"Lete hapa," alisema Minza. "Nani mwenye haraka kuliko mimi?"

Kwenye basi alikaa na mzee mmoja wa mjini, kofia ya vito kichwani, mstaarabu kweli kweli. "Shikamoo baba," Minza akamwamkia. "Marahaba mwanangu. Umetubebea samaki?" Minza hakujua kudanganya hata kwa ajili ya amani. "Utumbo wa nguruwe, baba." Mzee akavuta pumzi, akamshukuru kwa kumwambia, akanyanyuka taratibu akaenda kusimama mbele kwa dereva. Minza akasafiri mpaka Tabora akiwa na kiti kizima peke yake, na ndiyo mara pekee alipocheka wiki ile.

Fikiri alimpokea stendi na bajaji, akampeleka maabara, kisha nyumbani kwake Gongoni. Alikuwa ameshasikia kila kitu kwa simu, na uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, hama. Njoo ukae huku. Chumba kipo. Watu wakishaanza maneno ya macho, mwisho wake unaujua."

"Naujua."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikihama leo watasema nimekimbia na uchawi wangu. Na kesho mama mwingine akipata macho mekundu, watasema mnakumbuka yule wa Igunga? Nimekaa Mwasanga kuliko nilivyokaa kwetu. Baba yako kalala pale. Siondoki mpaka jina langu liwe safi, na kama watanizika, wanizike likiwa safi." Fikiri akaenda kumtengea chakula. Alimfahamu mama yake.

Majibu yalipotoka Vedasto alikuja mwenyewe, na Julieth akawaita wanakikundi mbele ya ghala la pamba wakamsikilize. Homa ya nguruwe haimo, alisema. Bakteria wamekutwa, wengi, wa ile jamii inayotoa sumu. Huenda ndio waliowaua.

"Huenda!" Julieth alilidaka hilo neno juu kwa juu. "Mmesikia? Huenda! Hata maabara yenyewe haijui."

"Mama, maabara ndivyo inavyosema," Vedasto akajaribu. "Vile vipande vilikaa njiani, hatuwezi kuapa—"

"Mwanangu, umefanya kazi yako, ahsante sana. Mengine tuachie sisi wakubwa."

Na mama mmoja akatoka nyuma ya ghala na bakuli la maji. Hapo Minza alielewa kwamba walishakubaliana kabla hajafika. Ni desturi ya zamani: mtu anayedhaniwa kuwa na kinyongo anachukua maji mdomoni, anayapulizia pale palipotokea balaa, anasema, kama nilikuwa na neno moyoni, limetoka. Akishafanya hivyo hakuna tena wa kumgusa. Watu wanakaa wanakula pamoja, mambo yanaisha.

"Ni maji tu, Mama Fikiri," Shukrani alimwambia kwa sauti ya chini, karibu anamsihi. "Pulizia yaishe, mama."

Nao walikuwa wakisema kwa wema, hilo lazima liandikwe. Hawakutaka kumwua. Walitaka akubali kidogo tu, ili wapate kumsamehe. Na Minza alichoka, nawaambia, alichoka mpaka kwenye mifupa. Angepulizia mara moja angerudishiwa salamu, angerudishiwa kikundi, angelala usingizi. Lakini alijua pia kwamba ukipulizia, umekiri. Mwakani mtoto wa mtu akiumwa, bakuli litabisha hodi kwako. Na likibisha mara ya tatu, halitakuwa bakuli tena.

Akalipokea kwa mikono miwili. Minza akaliinua bakuli mdomoni akanywa, akanywa funda kwa funda mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Ahsanteni," alisema. "Nilikuwa na kiu."

Ebo! Mama mmoja alipiga ukelele. Julieth alisimama ghafla kigoda kikaanguka.

"Mnaniletea huenda," Minza aliendelea, na ile sauti yake ya kuitia ng'ombe ilifika hadi barabarani. "Huenda ya huyu kijana imepasua tumbo ikaona maji, imekwenda Tabora ikaona bakteria. Huenda yenu imeona nini? Macho ya Minza! Mngekuwa mmekausha tumbaku na mimi mngekuwa nayo haya macho. Nguruwe wenu mmewaua wenyewe kwa masinia. Mmewapokea mno. Sikuwa na kinyongo na nguruwe. Kinyongo changu ni na nyinyi, nacho sikitemi, nitakaa nacho mpaka nife!"

Hapo wakamtenga. Hakuna aliyetangaza, lakini kila mtu alijua. Asubuhi akipita hapewi tena salamu ya "wangaluka". Akienda mashineni kusaga, mashine imeharibika. Akigeuka kisogo, inanguruma. Alikuwa akitembea na gunia lake la mahindi hadi kijiji cha pili, mguu ukimuuma, anatukana njia nzima. Usiombe kusikia matusi yale. Jioni alikuwa akikaa bandani kwa nguruwe wake, kwa sababu wao walimwitikia.

Nguruwe mama akazaa tena. Minza bado alidaiwa watoto na kikundi, na hakutaka mtu aje aseme amekula cha watu. Walipoacha kunyonya akawatia kwenye tenga, akalifunga tenga kwenye baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba mchana kweupe, akisimama kila uwanja.

"Hodi hapa! Nimeleta nguruwe wa kikundi. Sharti ni moja: msiwapokee. Anayetaka?"

Milango ikafungwa. Wengine walivuta na watoto wao ndani. Kwa Julieth hata mbwa hakubweka. Alipofika kwa Shukrani alikuwa ameshakasirika kiasi kwamba alitaka kupita bila kusimama, lakini Shukrani alitoka mwenyewe, mtoto mgongoni, akasimama njiani mbele ya baiskeli.

"Shikamoo, mama."

Minza alikuwa hajaamkiwa siku nyingi mpaka jibu likamchelewa kooni. "Marahaba."

"Nipe mmoja. Sina cha kupoteza. Niambie nifanye nini."

"Ufanye kuwa mchoyo. Utaweza?"

Shukrani hakuweza, si mara moja. Minza alimwachia mfuko wa pumba na majani yale yale ambayo mtoto wa nguruwe alikuwa akila kwa mama yake, akamwambia ampe hayo tu, kidogo kidogo, maji safi tele, banda lifagiliwe, na kitu kipya kiongezwe kwa kiganja, sio kwa sinia. Kesho yake alikuja kukagua bila kupiga hodi, akakuta sahani ya dagaa bandani. Aliirusha ile sahani juu ya ua ikaenda kutua kwenye mihogo.

"Mama, ananililia!" Shukrani alijitetea. "Ananitazama, roho inaniuma."

"Akutazame! Acha alie. Kilio hakiui, dagaa wako ndio wanaua."

Watu walicheka sana. Walimwita Shukrani mwanafunzi wa njaa. Mtoto wa nguruwe alikuwa mbavu nje, amekasirika, anapigia kelele kijiji kizima. Lakini asubuhi ikifika anakutwa yupo. Wiki zikafuatana naye yupo, na chakula kikaongezwa kiganja juu ya kiganja, mpaka mbavu zikaanza kujificha, na mvua za kwanza ziliponyesha alikuwa nguruwe wa kumwonyesha mgeni. Vicheko vikapungua. Wapitaji walianza kupunguza mwendo pale uani kwa Shukrani.

Julieth naye hakukaa bure. Hakutaka cha Minza, lakini hakutaka pia mwenyekiti wa kikundi cha nguruwe awe hana nguruwe. Akaenda mnadani Nzega akanunua watoto wawili kwa mwanamume mmoja mnene, mcheshi, macho meupe kama maziwa. Hakumjua huyo mtu na huyo mtu hakumjua yeye. Akawaleta nyumbani kimya kimya, akawawekea sinia, dona na dagaa na maziwa, kwa sababu Julieth ni mtu wa Mwasanga, na mkono wake haujui kupokea kwa namna nyingine.

Walikufa wote wawili, kope zimevimba.

Aliwachimbia shimo nyuma ya nyumba, peke yake, na akadhani hakuna aliyeona. Lakini kijiji ni kijiji. Shukrani alikuja kumwambia Minza akiwa anahema, karibu anarukaruka, akitegemea kuona furaha. Minza aliendelea kukatakata majani ya viazi.

"Maskini," alisema mwishowe. Shukrani hakujua kama alimaanisha Julieth au nguruwe, na Minza hakufafanua.

Julieth alikuja mwenyewe. Alikuja mchana, njia kuu, kila mtu akimwona, na mkononi alikuwa na bakuli la maji. Minza alimwona tangu mbali akasimama mlangoni mwa banda, panga la kukatia majani mkononi, hakulitua.

"Hilo bakuli nilishalinywa, Mama Emilian. Umeleta jingine?"

"Hili si lako." Julieth alikuwa akitoka jasho. Uso wake ule wa heshima ulikuwa umelegea. "Hili ni langu. Kinyongo kilikuwa cha kwangu. Dada yangu alilia miaka miwili kwa ajili ya Anton, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja. Sijawahi kukupenda, Minza. Nguruwe walipokufa nilifurahi. Nilifurahi kwamba sasa nina sababu." Akafuta jasho. "Nimenunua wengine kwa mtu nisiyemjua. Wamekufa vile vile."

"Nimesikia."

"Basi niache nipulizie."

Minza alimwangalia kwa hayo macho yake, na kwa mara ya kwanza Julieth hakukwepesha ya kwake. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, hakuna anayejifanya anapita.

"Pulizia," alisema Minza. "Banda lile pale. Ila sema kwa sauti, wale wa nyuma hawasikii."

Julieth akatia maji mdomoni, akayapulizia bandani, akasema kwa sauti aliyokuwa nayo, ikitetemeka, kwamba neno lilikuwa moyoni mwake na si mwa Minza. Maji yakamwagikia nguruwe mama, naye akaguna kwa hasira akageukia ukutani. Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na Julieth mwenyewe akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Minza hakucheka. Hakuwa tayari kuwapa watu wa Mwasanga machozi aliyowanyima tangu siku ya harusi yake.

Akaingia bandani, akatazama watoto wa uzao mpya walioacha kunyonya, akamkamata aliyenona kuliko wote. Alimtoa akipiga kelele na kurusha miguu, akamweka mikononi mwa Julieth, na begani mwake akaning'iniza mfuko wa pumba na majani. Julieth akamkumbatia yule mnyama kifuani, akaanza kumpapasa kichwa, na midomo yake ilishaanza kusema kwamba nyumbani ana maziwa ya leo asubuhi.

"Sikiliza, Julieth," Minza alisema. "Huyu usimpokee. Mpe kama mlivyonipa mimi nilipokuja. Kidogo, tena kwa kusuasua, kwenye kile kibakuli chenye ufa. Hatakufa huyo. Mimi sikufa."